Jinsi ya kuupeleka mtaa kwenye mchezo wa mwanamke mmoja, kwa bei ya mtaa

Hapa Mombasa, mtu akikosa kwenda ukumbini usidhani ni tiketi tu iliyomzuia. Kuna nauli ya kwenda na ya kurudi. Kuna sala ya Magharibi. Kuna mtoto, amwachie nani. Na kuna lile ambalo watu hawalisemi: hajui akifika atakaa vipi, avae nini, na kigelegele kikimtoka kama waliokaa mbele watageuka kumtazama. Mwenye mchezo akikushushia bei kutoka elfu moja hadi mia tatu, amekutatulia moja kati ya hayo. Yaliyobaki ni yako wewe unayekusanya watu, na ndiyo nitakayoyaeleza hapa.

Mimi ni fundi cherehani, tena mweka hazina wa chama cha akina mama huku Majengo. Kukiwa na mchezo mjini, simu yangu ndiyo inayolia: bei ya mtaa ipo, tuwekee nafasi. Siku hizi hata vyama vya Kisauni na Likoni vinaniuliza tunafanyaje, na kueleza kwa simu kunanimalizia chaji na kazi za watu ziko mezani. Kwa hivyo nimeyaandika.

Jua kwanza unawapeleka kuona nini

Mchezo wa aina hii ni mwanamke mmoja jukwaani, saa nzima au zaidi, anasimulia, anaigiza watu wote wa hadithi, na pale maneno matupu yasipotosha anaimba. Pengine pembeni pana mpiga kinanda au mpiga ngoma, pengine muziki umerekodiwa. Mara ni mama mkwe, mara ni bwana harusi, mara ni karani anayezungusha watu ofisini. Akiwa mjuzi leso moja inamtosha: akijitanda ni bibi, akiifunga kiunoni ni muuza samaki, akiikunja mkononi ni mtoto mchanga analia.

Unapouza tiketi usiseme ni "tamasha la sanaa". Watu wa mtaani wakisikia hivyo hudhani ni mambo ya wageni na wenye magari. Sema ni mwanamke mmoja anaimba na kuigiza, basi. Pwani hilo si geni. Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, na wengi wetu hapa tumekua tukimsikia Malika na Zuhura Swaleh kwenye harusi. Mwanamke kuushika umati kwa koo lake tunalijua. Tusilolizoea ni kumsikiliza tukiwa gizani, tumenyamaza, hakuna anayeinuka. Hilo lina mahali pake huko mbele.

Kabla ya kuzungumza bei, muulize mwenye mchezo maswali haya: Unachukua dakika ngapi? Una mapumziko katikati? Ni Kiswahili, Kiingereza, au mchanganyiko? Kuna matusi, mambo ya chumbani, mtu kupigwa, msiba? Swali hili la mwisho usilionee haya. Humuulizi ili apunguze kitu, mchezo ni wake. Unauliza kwa sababu utamuuzia tiketi mama wa miaka sabini anayekuja na mjukuu, naye ana haki ya kujua anakokwenda. Mimi humwambia mtu waziwazi: mama, katika mchezo huu kuna mke anapigwa, ukiona utaumia chagua mwingine. Wako wanaojitoa. Wako pia wanaosema ndio huo wanaoutaka.

Nenda na hesabu, usiende na ombi

Mwenye mchezo hupunguza bei kwa sababu gharama zake hazipungui ukumbi ukiwa mtupu. Pango la ukumbi ni lile lile, fundi wa taa analipwa vile vile, mwenye spika naye, na yeye mwenyewe ataimba nyimbo zile zile mbele ya watu arobaini au mia na arobaini. Na kwa kuwa jukwaani yuko peke yake, hana posho za waigizaji ishirini za kuwaza. Ndiyo maana mchezo wa mtu mmoja una nafasi ya kupatana bei kuliko ule wa kundi zima.

Chukua mfano. Tuseme ukumbi una viti 150, bei ya kawaida ni shilingi 1,000, na usiku wa katikati ya wiki huuza viti 40. Hizo ni 40,000. Ukitaka viti vyote kwa 300, itabidi ujaze 134 ndipo asipungukiwe, na kujaza viti 134 siku ya Jumanne si mchezo. Mimi napenda bei tatu. Viti 20 kwa 500, hizo ni 10,000. Viti 90 kwa 300, ni 27,000. Viti 30 kwa 100, ni 3,000. Jumla 40,000 kwa viti 140, na kumi vinabaki kwa wageni wa muigizaji na kwa wale wetu wanaoshughulikia milango. Mwenye mchezo hakupoteza shilingi, na ukumbi umejaa watu watakaomsifu mtaani wiki nzima.

Nani alipe mia tano na nani alipe mia? Kila mtu achague mwenyewe. Usimuulize mtu ithibati ya umaskini, hakuna kitu kinachofukuza watu wazima kama hicho. Majengo tunajuana: mwenye duka Marikiti akilipa mia, atasemwa hadi Iddi ijayo, na yeye analijua hilo.

Tiketi za bure sizipendi. Mtu aliyepewa bure hujiambia akipata nafasi ataenda, na jioni ikifika mvua ikanyesha kidogo, hayupo. Aliyetoa mia yake ataifuata. Asiye na hata mia, chama kimlipie kimyakimya na jina lake liandikwe kama la wengine.

Usiku wenyewe uwe wa mtaa peke yake. Ukichanganya, aliyelipa elfu moja atakaa ubavuni mwa aliyelipa mia tatu, watazungumza, na mmoja atarudi nyumbani amenuna. Tena kwenye tiketi andika bei zote mbili, ya kawaida na ya mtaa, ili mtu ajue kitu alichokipata thamani yake ni ipi.

Ujumbe wetu wa kwanza kwa mwenye mchezo huwa hivi, unakili ukitaka:

"Assalamu alaykum, dada. Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama wa Majengo. Tungependa kununua usiku mmoja wa katikati ya wiki wa mchezo wako, uwe usiku wa mtaa. Tutajaza viti 140 kwa bei tatu tofauti, jumla shilingi 40,000. Nusu tutakupa wiki moja kabla, na nusu siku yenyewe kabla mchezo haujaanza. Twaomba utwambie unachukua dakika ngapi, ni lugha gani, na kama kuna jambo wazee na watoto wafaa walijue mapema. Tukikubaliana tutakuja tuuone ukumbi."

Hakuna neno "utusaidie" hapo, na liwe hivyo hivyo. Mkishakubaliana, andikeni ukurasa mmoja wa daftari na watu wawili kila upande watie sahihi: tarehe, saa, viti, pesa, na kwamba vibali vya mchezo na haki za nyimbo ni juu ya mwenye mchezo. Andikeni pia itakuwaje stima ikipotea. Mtasubiri muda gani, jenereta ipo, na ikishindikana watu watarudishiwa pesa au watapewa siku nyingine. Sauti ya mtu mmoja bila kipaza sauti hufika safu za mbele tu.

Saa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona michezo mizuri ikikosa watu kwa ajili ya saa tu.

Mombasa tuko karibu na ikweta na jua halituchezei sana. Mwaka mzima Magharibi huingia baina ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano, kutegemea mwezi. Isha hufuata baada ya saa moja na kitu. Sasa tazama mabango ya michezo: saa kumi na mbili u nusu jioni, saa moja jioni. Hizo ndizo saa mbovu kuliko zote kwa mtaa wenye Waislamu wengi. Mama anatakiwa awe ameshasali, amepika, ametoka, na amefika mjini, yote katika nusu saa. Haji, na mwenye mchezo atasema watu wa Mombasa hawapendi sanaa.

Kuna nafasi mbili zinazofaa. Ya kwanza ni baada ya alasiri: milango saa kumi, mchezo saa kumi na robo. Mchezo wa dakika sabini na tano utakuwa umekwisha saa kumi na moja u nusu, mtu asali Magharibi pale pale au akifika kwake. Wasichana wa shule wanaweza kuja, na akina mama wasioruhusiwa kutoka usiku wanaweza kuja bila ya ugomvi nyumbani. Ubaya wake ni wawili. Wanaofanya kazi hawatawahi, na watazamaji wa Nyali, Kisauni na Bamburi watatoka saa ambayo kisiwa chote kinamiminika kwenye daraja la Nyali. Watakaa kwenye foleni, lazima waambiwe mapema.

Ya pili ni baada ya Isha, saa mbili na robo. Barabara ina nafasi, upepo umetulia, wafanyakazi wameshakula. Lakini mchezo ukimalizika saa tatu u nusu, matatu zimepungua, na kwa wa Likoni kuna feri. Mtembea kwa miguu havushwi kwa pesa, hilo ni zuri, ila usiku feri hupungua na mwanamke hapendi kusubiri pale peke yake. Kwa saa hii ni lazima mkodi magari.

Tukiulizwa sisi, tunachagua baada ya alasiri kama mchezo ni mfupi na ukumbi una kuta na paa, kwa mfano ule wa Little Theatre Club kule barabara ya Mnazi Mmoja. Ukiwa ni uwanja wa wazi, kama pale Swahilipot karibu na Fort Jesus, chagua baada ya Isha. Mchana mahali pa wazi taa za jukwaani hazionekani, jua linawachoma waliotazama magharibi, na ukichelewa kidogo tu adhana za misikiti ya Mji wa Kale zitamkuta muigizaji katikati ya wimbo wake. Akiwa ni mwenyeji atanyamaza asubiri. Akiwa mgeni, mweleze kabla.

Siku ziko rahisi. Jumanne na Jumatano. Usiku wa kuamkia Ijumaa wengi wana dhikri na hitima, na wikendi ni za harusi, hasa Agosti na Disemba. Ramadhani acha kabisa. Masika, hasa Mei, mvua ikishuka tuktuk zote hupotea mjini kama zimemezwa na ardhi. Kuhusu pesa, baina ya tarehe 28 na tarehe 3 mshahara umeingia na mwenye nyumba hajabisha hodi.

Kuuza

Usibandike bango tu ukasubiri. Tiketi ya mtaa huuzwa na mtu kumwambia mtu: msusi, muuza mahamri, fundi cherehani. Mimi mteja akija kupimwa, kabla sijamaliza bega ameshanunua. Kwa ndugu zetu Wakristo, ongea na kina mama wa kanisa huko Changamwe na Mikindani, tangazo la Jumapili linauza kuliko karatasi mia.

Na tumia ushindani, Mombasa tumezaliwa nao. Bibi zetu walikuwa na vyama vya lelemama, ile ngoma ya wanawake, kama Ibinalwatan na Banu Saada, na walishindana kwa mavazi, nyimbo na karamu hadi waume wakashika vichwa. Damu hiyo ingali ipo. Waambie wa Bondeni kwamba wa Kuze wameshachukua viti kumi na tano, kisha uwape wa Kuze habari za Bondeni. Hakikisha tu ni kweli, maana watapigiana simu.

Sare nazo: kukitajwa tu kwamba tunakwenda mahali, atatokea mtu anataka leso za jina moja. Si vibaya, lakini usiruhusu safari ingojee leso. Anayetaka sare atakwenda mwenyewe Biashara Street.

Pesa ziingie nambari moja tu, ya chama, na watu wawili wawe wanaona ujumbe ukiingia. Aliyelipa mara nyingi siye anayekuja: jina la M-Pesa litakuwa la mume, la mtoto aliyeko Nairobi, la mwenye duka. Kwa hivyo katika daftari kuwe na safu nne: jina la anayekuja, jina lililolipa, zile herufi na tarakimu kumi za muamala, na gari atakalopanda. Hesabu pia ada ya kutoa pesa, isije ikala nauli. Funga mauzo siku mbili kabla. Atakayekuja siku yenyewe na pesa mkononi mwekee orodha ya kungojea, huwa kuna wanaokosa.

Tangazo la WhatsApp lianze na gari. Wanawake huniuliza "nitarudi vipi?" kabla ya kuuliza ni mchezo gani. Letu husomeka hivi: "Gari lipo kwenda na kurudi hadi mlangoni. Mchezo wa mwanamke mmoja, anaimba na kuigiza, dakika 75, Kiswahili. Jumanne saa kumi alasiri. Bei 100, 300 au 500, chagua yako. Watoto chini ya miaka sita wana wa kuwaangalia nje." Kisha rekodi maneno hayo hayo kwa sauti yako uyatume, kwa sababu wazee wetu hawasomi jumbe ndefu, wanasikiliza.

Magari

Matatu ndogo huchukua watu 14. Kodi kwa kwenda na kurudi, mpe dereva nusu mkifika na nusu mkirudi, na umwambie saa ya kurudi ukiongeza nusu saa, maana watu hawatatoka mara moja. Kila gari liwe na mama wa gari: ana orodha, ana nambari ya dereva, na gari haliondoki mpaka ahesabu vichwa. Wa Likoni wavuke pamoja, waliovaa mabuibui meusi usiku ni rahisi kupoteana pale gatini. Nauli iandikwe mbali na tiketi ili mwenye usafiri wake asilipishwe, na faida ya kahawa, nitakayoitaja, ipunguze nauli ya wa mbali. Mtu wa Mtwapa nauli yake yaweza kukaribia bei ya tiketi, na hapo punguzo lenu lote limekwenda kwa matatu.

Ndani ya ukumbi

Nenda siku moja kabla ukaketi kwenye viti. Tafuta mlango usio na ngazi, na viti vya pembeni karibu nao viwe vya wenye magoti mabovu. Tazama choo kiko wapi na kama kina maji. Baadhi ya akina mama hupenda kukaa wanawake watupu, basi wape safu zao, na familia ziwe na zao. Hakuna haja ya kulitangaza, wapangie tu.

Sasa lile la kukaa kimya. Kwenye taarabu, neno likikuchoma unainuka na noti yako, unacheza polepole mpaka kwa mwimbaji, unamtuza, na mwenye kuelewa ameelewa umemlenga nani. Watu wetu wakisikia mwanamke anaimba, miguu yao inajua hivyo. Ukiwaambia ni marufuku, watakaa kama wako kwa daktari na muigizaji atadhani mchezo wake haukupendwa. Ukiwaachia, kuna mtu atapanda jukwaani na shilingi mia mbili wakati yeye anamlilia mama yake aliyekufa.

Panga na muigizaji. Mwambie akuchagulie wimbo mmoja au miwili ambayo kutuza kunaruhusiwa, kwa kawaida ule wa harusini na ule wa mwisho. Taa za ukumbini zipandishwe kidogo ili bibi asijikwae, na sinia iwekwe ukingoni mwa jukwaa, hakuna kupanda. Mwenyewe atoe ishara kwa kufungua leso au kunyoosha mkono. Kisha kabla mchezo haujaanza, mtu wa mtaa, asiwe mtu wa ukumbi, asimame awaeleze watu kwa dakika mbili: vigelegele ruhusa wakati wowote, kumjibu akikuuliza ruhusa, kutuza mkiona ishara. Pesa za sinia ni zake na mpiga kinanda wake. Hazihesabiwi na za tiketi, na hilo liandikwe kwenye ule ukurasa wa daftari.

Simu. Wenye michezo hupenda kupiga picha usiku wa mtaa, ukumbi umejaa na watu wamependeza. Lakini wako wanawake ambao picha yao ikionekana mtandaoni wamekicheka kitu fulani, watakuwa na wiki mbaya nyumbani. Masharti yetu ni kwamba kamera ikae nyuma na itazame jukwaa tu, na anayetaka kupigwa picha afuatwe nje baadaye aulizwe. Na sisi kwa upande wetu haturekodi mchezo. Wimbo wa mtu ndio duka lake, ukiuweka kwenye stetasi umempunguzia wateja wa kesho. Watu wakiambiwa kwamba ni makubaliano ya pande mbili, hutii.

Chakula kiwe kabla. Karatasi ya krips kwenye ukumbi wenye mtu mmoja anayenong'ona ni kelele kuliko mtoto. Ongea na mwenye kantini, kama ipo, uweke meza nje ya kuuza, na faida yake ndiyo ile ya nauli: mahamri, viazi karai, kahawa tungu na kashata, maji ya ukwaju. Mabuyu na achari ziwe za wakati wa kutoka, mtu asije akamwachia mwenziwe rangi nyekundu kwenye kiti cha kitambaa.

Wadogo sana wasiingie. Chagueni akina mama wawili wa kukaa nao nje kwenye kivuli, na mkeka, na mpira, na karatasi za kuchorea. Hawa hawatauona mchezo, kwa hivyo wasilipe, na wakumbukwe.

Mchezo ukimalizika watu watataka kuzungumza na muigizaji. Mwache kwanza anywe maji, koo limefanya kazi. Dakika ishirini zinatosha. Swali la kwanza liwe limeshaandaliwa na mtu mmoja, ili ukimya usiwatishe wengine. Na mpe mtu mwenye adabu na uso mkavu kazi ya kumshukuru kila mzee anayeanza na historia ya mtaa tangu enzi za Waingereza, la sivyo madereva wataanza kupiga honi.

Usiku huo huo

Hesabu pesa mbele ya mwenye mchezo kabla hajavua vipodozi: zilizoingia, nusu aliyopewa kwanza, nusu aliyopewa leo, za magari, faida ya kahawa. Apige picha ukurasa huo. Waliolipa wasije, pesa zao hazirudishwi, na hilo walikuwa wameambiwa wakati wa kununua. Kesho yake weka hesabu hiyo hiyo kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, hata kama hakuna aliyeiuliza, kwa sababu asiyeuliza leo atauliza siku ya uchaguzi wa chama.

Muulize mwenye mchezo tarehe nyingine palepale, akiwa bado na furaha ya ukumbi uliojaa. Na zikibaki mia chache mfukoni mwa chama, nunua viti viwili vya usiku huo ujao, uviandike kwa majina ya wale akina mama wawili waliokaa nje na watoto.